Shangazi, mpira unambana kama lastiki ya sketi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, nina miaka 28. Kibaraza changu kiko pale trela zinapopanga foleni kungoja makaratasi, kwa hiyo kazi haikosekani: sare za shule Januari, magauni ya gomesi msimu wa harusi, na madereva wa kuchanika suruali mwaka mzima. Ndivyo nilivyompata huyu bwana. Alikuja na suruali iliyoachia mshono. Wiki iliyofuata akaja na nyingine ambayo ukiitazama vizuri, ilikuwa imechanwa kwa kisu. Nikaelewa.

Anatoa mzigo Mombasa, anapita hapa, halafu Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Elegu. Kuna safari anavuka Nimule hadi Juba. Nyumbani namwona siku nne au tano kwa mwezi. Ni mtu mpole, hanywi, na ameahidi kuja kujitambulisha kwa wazazi wangu Desemba.

Nina mtoto wa miaka mitatu niliyempata kabla yake, na mwingine simtaki mpaka niongeze cherehani ya pili. Sindano ya uzazi wa mpango nilijaribu, nikatoka damu wiki kwa wiki, nikaiacha. Tukakubaliana kutumia mipira, yaani kondomu. Na sijidanganyi, Shangazi: barabara ni ndefu, mimi siko ndani ya kabini. Mpira ni kwa ajili ya hilo pia, na yeye anajua.

Shida ni kwamba tangu siku ya kwanza analalamika. Anasema unambana, anakufa ganzi, na kweli mara nyingine mambo yanalala katikati. Mimi nikaona ni ule wimbo wa wanaume wote, kwamba pipi hailiwi ndani ya kavera, mfuko wake wa plastiki. Nikawa namcheka. Yeye akaanza kupaka moo yaa, mafuta ya shea anayoninunulia Lira, ili uingie kwa urahisi. Mara mbili ukapasuka.

Mwezi uliopita nikifagia asubuhi nilikuta mpira chini ya kitanda, mkavu. Usiku huo sikujua kama ameuvua. Nilimpigia akiwa ameshafika Soroti, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama mtoto, ulikuwa unaniua. Nisamehe." Nililia juu ya gomesi ya watu. Baada ya wiki mbili nikaenda kupima, sina virusi, na siku zangu zilikuja.

Sasa kilichonifanya niandike. Juzi alirudi, tukatumia tena, hakuvua. Asubuhi alipokuwa anaoga nikaona alama nyekundu, duara kamili, pale chini kwenye shina. Shangazi, alama ile naifahamu. Ni ile inayobaki kiunoni mwa mteja akivua sketi niliyomshonea lastiki fupi. Nikajiuliza, kumbe hasemi uongo?

Nilikwenda kituo cha afya kuuliza kama mipira ina saizi. Wauguzi wawili wakacheka, mmoja akasema, "Mwambie hata mkono unaingia." Nikarudi na boksi lile lile. Nimwamini au ananichezea? Na kwa lile la kuvua, nifanye nini? Mama siwezi kumwuliza, na shangazi yangu wa damu alinifundisha mengi kuhusu mume ila mpira hakuutaja.

Fundi wa Gomesi, Malaba

* * *

Marahaba, mwanangu fundi.

Nianze na hao wauguzi waliokucheka, maana nami nimo. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, sehemu kubwa kwenye vituo vya kandokando ya barabara kuu. Jioni tulikuwa tunashuka kwenye maegesho ya malori na kielelezo cha mbao na maboksi ya mipira. Hapakosi mwanaume wa kusema ni midogo. Na mimi jibu langu lilikuwa moja: nakunja ngumi, nauvuta mpira mpaka karibu na kiwiko, namwambia, "Bwana, wewe umeushinda mkono wangu?" Watu hoi kwa kicheko, bwana anaondoka na aibu yake. Nilijiona hodari kwelikweli.

Siku moja dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi, hakuondoka. Akaniambia kwa upole, "Nesi, usiuvue. Kaa nao hivyo hivyo mpaka umalize kufundisha." Kwa ukaidi nikakaa nao. Robo saa haikufika, vidole vilikuwa vinachomachoma kama nimelalia mkono, mishipa imetuna. Nilipouvua ulikuwa umeacha duara jekundu pale ukingo mnene ulipokaa. Yule mzee hakusema neno. Alichukua maboksi mawili, akaaga. Tangu hapo sikufanya tena mchezo ule, na mpaka leo nikisikia "hata mkono unaingia" nakumbuka wanaume wote waliosikia kutoka kinywani mwangu kwamba maumivu yao ni visingizio, wakaenda zao bila mpira.

Mkono unaingia, ni kweli. Mpira wa kiume wa saizi ya kawaida, kwa kiwango cha kimataifa, hupulizwa maabara na unatakiwa uhimili lita 18 za hewa kabla haujapasuka. Hiyo ni karibu kujaza jerikeni la lita 20. Hilo linatuambia ni imara. Kama aliyeuvaa anastarehe, hiyo ni habari nyingine kabisa, na wewe fundi unajua tofauti yake kuliko nesi yeyote: sketi inaweza kupanda kiunoni na bado mwenye sketi akashinda harusi nzima anatamani kwenda nyumbani kuivua.

Hapa nchini suala hili lilifika hadi bungeni. Mwaka 2015 wabunge wa kamati inayoshughulikia Ukimwi walirudi kutoka mikoani wakasema wananchi wanalalamika kuwa mipira inayogawiwa ni midogo. Redio zikacheka wiki nzima, magazeti ya nje nayo yakacheka. Kabla ya hapo, mwaka 2004, watu walilalamikia harufu ya mipira ya bure iliyoitwa Engabu, yaani ngao. Ilipopimwa, serikali ikaiondoa sokoni. Nakutajia haya ujue kwamba anayelalamika kuhusu mpira hasingizii kila mara. Wapo wa pipi na kavera, tena wengi. Lakini kavera haliachi alama nyekundu. Umeiona kwa macho yako, mwamini katika hilo.

Sasa saizi. Zipo. Mipira mingi, pamoja na ile ya bure, ina upana wa milimita 52 au 53, ukiulaza mezani na kuupima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Madukani kuna ya 47 na 49 kwa wembamba, na ya 56, 58, 60 na kuendelea kwa wanene. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi, aghalabu kwa maandishi madogo ubavuni au nyuma, mbele ya herufi mm. Maneno makubwa ya mbele yenye kusifu ukubwa yapuuze. Kampuni moja huita kubwa kile ambacho nyingine inakiita cha kawaida. Soma milimita.

Na urefu? Wanaume wanapenda kubishana urefu, lakini mpira ukizidi hubaki umejikunja chini, basi. Kinachobana ni unene wa shina.

Una futi shingoni kutwa nzima, unapima makalio ya Malaba yote, na hili hukuwahi kulipima. Lipime. Uume wa bwana ukiwa umesimama sawasawa, zungusha futi katikati ya shina, pale palipo panene zaidi, bila kukaza. Tuseme imesoma sentimita 13. Nusu yake ni milimita 65, kwa sababu mpira uliolazwa una pande mbili. Halafu punguza sehemu ya kumi hivi, unabaki na 58. Mbona tunapunguza? Kwa sababu ile ile inayokufanya ukate lastiki fupi kuliko kiuno: isipovutika kidogo haishiki, sketi itashuka. Kwa hiyo tafuta kati ya 56 na 60. Ikisoma sentimita 12, ile ya 53 ndiyo yake, na tatizo tutalitafuta kwingine. Ukitaka kumtuliza kabla ya kupima, mwambie kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka huo huo wa 2015, uliokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000, na wastani wa unene ulikuwa karibu sentimita 11.7. Futi ikisoma 11 au 13, wote ni wanaume.

Lakini angalizo. Asiende akanunua 60 kwa fahari. Dukani wanaume huomba "ile kubwa" kwa sauti ili foleni nzima isikie, wakifika nyumbani unavuka na kubaki ndani ya mke. Mpira mpana kuliko mtu ni hatari kama uliopasuka. Anunue anachosema futi.

Malaba kwenyewe unaweza usipate ya 58. Yeye ndiye mwenye gari: anapita Nairobi, na kama kuna safari ya Kampala, maduka makubwa ya dawa huwa nayo. Anunue pakiti ndogo za aina mbili tatu kwanza. Na wewe usidharau ya bure. Inapita ukaguzi, na kwa wanaume wengi inatosha bila shida yoyote.

Sasa nije kwenye moo yaa, maana hapo ndipo ilipopasuka mipira yenu miwili, naamini kabisa. Mpira wa kawaida umetengenezwa kwa utomvu wa mti, na utomvu huo haupatani na mafuta. Moo yaa, vaselini, mafuta ya nazi, samli, losheni ya mwili: yote hulegeza mpira ndani ya dakika chache, na hutaona kwa macho mpaka uachie. Mlichokuwa mnafanya ni kuchukua kitu kilichobana tayari, kukidhoofisha, kisha kukivuta. Mshono gani usingeachia?

Tumieni jeli ya maji, ile inayouzwa duka la dawa kwa kazi hiyo. Iulizie pia kituoni, wakati mwingine huwa nayo. Tone moja dogo, kama punje ya hindi, ndani kabisa kwenye chuchu ya mpira kabla ya kuvaa. Hilo humpa hisia mwenye ganzi. Si zaidi ya tone, utateleza. Nyingine nyingi kwa nje, na kwako. Hukuniambia kama wewe unaumia, fundi, lakini mwanamke ambaye mwenzake anapambana na mpira mkavu huku yeye ana hofu utapasuka, mara nyingi naye amekauka. Kwa hiyo jeli ni yako kama ilivyo yake.

Mwulize pia mipira anaiweka wapi. Ninawajua madereva. Iko kwenye dashibodi, pamoja na risiti na miwani, inapigwa na jua kutoka Tororo mpaka Elegu, na jua la Elegu linaweza kukaanga karanga. Au iko kwenye pochi mfuko wa nyuma, anaikalia siku tano. Joto na msuguano huula mpira kimyakimya. Iwekwe ndani ya begi la nguo, nyuma ya kiti, kwenye kivuli. Kabla ya kufungua aangalie tarehe, na abonyeze pakiti kwa kidole: ikiwa na hewa ndani kama mto mdogo, ni nzima. Imelala bapa? Itupwe. Na asije akavaa miwili kwa pamoja kwa kudhani ni ulinzi mara mbili. Inasuguana, inachanika.

Kuhusu kulala katikati. Nusu ni kubanwa, na nusu ni woga, nadhani. Mtu aliyewahi kuaibika mara mbili, mara ya tatu anavaa mpira huku akisikiliza mwili wake kama dereva anayesikiliza injini iliyowahi kumzimia mlimani. Lazima itazima. Mwambie akiwa peke yake safarini, chumbani kwake, aizoee ile saizi mpya bila mtu wa kumtazama: avae, avue, avae tena, ajue inakaaje. Na mkiwa pamoja, asiharakishe kuivaa akiwa nusunusu. Mpira uliovishwa kwenye kitu kisichosimama ukingo wake hukaa vibaya na kubana ovyo. Abane chuchu kwa vidole kutoa hewa, akunjue mpaka chini kabisa kwenye shina. Kosa kubwa ninalolijua ni la kuishia katikati: ukingo unabaki pale palipo panene, unakaba kama pete. Ile alama yako nyekundu ilikuwa chini kabisa, ndiyo maana nimekwambia saizi kwanza. Akianza upande usio wenyewe na mpira ukakataa kukunjuka, asiugeuze, achukue mpya. Akimaliza atoke kabla hajalala, ameshika ukingo kwa mkono. Wewe unaweza kumvisha, mikono yako ina ufundi kuliko yake, na wapo wanaume ambao woga wao uliisha siku hiyo hiyo.

Kama mtapima, mkanunua, mkatumia jeli, na bado pakawa pekundu na kuwasha hadi siku ya pili, basi huenda mwili wake au wako unaukataa utomvu wenyewe. Ipo mipira isiyo ya utomvu, bei yake juu kidogo. Na ipo mipira ya kike. Hiyo haimkabi mwanaume hata kidogo, inakaa ndani yako, unaweza kuiweka saa kadhaa kabla trela halijaingia Malaba, na haimsubiri asimame. Mara ya kwanza utaiona kama mfuko wa ajabu. Jaribu mara tatu ndipo uihukumu.

Nimekaa sana kwenye vipimo, kwa sababu hapo kuna dawa. Lile la kuvua ni zito zaidi, na sitalifunika kwa futi.

Ulikubali kulala naye na mpira. Alipouvua gizani bila kukwambia, alikuamulia juu ya tumbo lako na damu yako. Kubanwa kunaeleza kwa nini alitaka kuuvua. Hakuelezi kwa nini alinyamaza. Aliweza kusema, "Nimeshindwa, tuache," mkalala, asubuhi mkanywa chai. Mtu ambaye kiatu kimembana humwambia mwenzake wasimame kidogo. Hamnyang'anyi kiatu chake. Nataka umwambie hivyo, kwa maneno yako, na umwambie mchana. Usimwambie kitandani, wala kwa simu akiwa kwenye usukani. Mwambie ameshakula, mtoto amelala, cherehani imefunikwa. Anza na lililo lako: kwamba alikuwa anasema kweli kuhusu kubanwa nawe ulimcheka, na kwa hilo unaomba radhi. Halafu umweleze la kwake bila kulipunguza. Sikiliza atakavyojibu. Akisema "lakini mimi ni mume wako," hilo ni jibu moja. Akisema "sitarudia, na nikishindwa nitakwambia," hilo ni jingine, na bado utalipima kwa miezi, siyo kwa usiku mmoja. Akirudia baada ya kupata saizi yake, fundi, utakuwa umejua kwamba tatizo halikuwa mpira, na suala la Desemba itabidi lisubiri.

Kingine cha kujua, hata kama sasa kimepita. Siku ikitokea mpira umepasuka au umevuliwa, usingoje wiki mbili. Kuna dawa za kuzuia virusi baada ya tukio, zinaitwa PEP. Zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, kadiri ya mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo ni vya siku hizo hizo za mwanzo. Mlango wa kituo unaujua. Wakicheka, waache wacheke, wewe useme "nataka PEP" na ubaki umesimama pale.

Kipimo chako cha wiki mbili kimekupa nafuu, lakini ni cha mapema mno kuwa jibu la mwisho. Rudi ikitimia miezi mitatu tangu usiku ule, na safari hii mwende wawili. Simwiti mwenzako mzinzi. Simjui. Ila anaishi nusu ya mwezi maegeshoni, na kupima pamoja kunawaondolea wote wawili kukisia. Hapo hapo uliza kuhusu PrEP, vidonge vya kumeza kabla, kwa mtu asiye na virusi ambaye maisha yake au ya mwenzake yana hatari. Vinamkinga mtu na VVU. Havizuii mimba, wala kisonono, wala kaswende, kwa hiyo usiviweke mahali pa mpira. Na kama akikutwa na virusi, dunia haijaisha: akimeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hakuambukizi kwa kujamiiana. Sindano ikikukataa, bado kuna kitanzi na njia nyingine. Mueleze mhudumu lile suala la damu kabla hajakupangia chochote.

Niandikie futi ikisoma. Na chupa ya moo yaa usiitupe, umehangaishwa nayo bure. Ipeleke jikoni, mbaazi za kupondwa zinaipenda.

Shangazi yako